Drakula katika sinema: filimu gani tuisifu, filimu gani tuikatae?

Mwaka 1995 sinema ilitimiza miaka mia moja. Kwa ajili ya ukumbusho huo Baraza la Papa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa huko Vatikano orodha ya filimu 45 zinazostahili kukumbukwa: 15 juu ya dini, 15 juu ya maadili, na 15 juu ya sanaa. Katika zile za sanaa msomaji anakuta jina la kushangaza: Nosferatu, filimu ya Ujerumani ya mwaka 1922. Hiyo ni habari ya maiti anayetoka kaburini usiku na kunyonya damu ya wazima.

Basi, wasomaji wapenzi, tujiulize. Namna gani filimu ya kutisha hivyo ilipata nafasi katika orodha ya namna hiyo? Tena, kitabu kile kile kimezaa filimu nyingi sana, na zote hazilingani. Kati yake kuna iliyo bora kwetu, na kuna ambayo hatuipendi hata kidogo. Tutaeleza kwanza mambo yalivyokuwa mbele ya kitabu, kiisha kitabu chenyewe, kiisha filimu zake, na mwisho faida yetu sisi tunaofundisha watu.

I. Hofu iliyotangulia kitabu

Vampiri hakuzaliwa katika sinema. Katika karne ya 18 vijiji vingi vya Ulaya ya mashariki viliamini kwamba maiti fulani hawatulii kaburini. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, watu walimfukua Petar Blagojević, wakamchoma mti moyoni, wakamteketeza kwa moto, kwa sababu vifo vingine vilifuata kifo chake. Mwaka 1732 waganga wa jeshi la Austria waliandika ripoti juu ya mambo kama hayo katika kijiji cha Medveđa. Ripoti hizo zilisomwa katika miji mikubwa ya Ulaya, na jina la vampiri likaenea pote.

Eklezya ilisema nini? Mwaka 1746 Padri Augustin Calmet, mmonaki Mbenedikto wa Ufaransa, alitoa kitabu kikubwa juu ya habari hizo. Alizikusanya kwa uvumilivu, akazipima moja moja, na wengine wakamcheka kwa kuwa alizipa muda wake. Lakini Papa Benedikto XIV, mtu wa elimu nyingi, alisema wazi katika kitabu chake juu ya kutangaza watakatifu, toleo la 1749, kwamba mambo ya vampiri yanatoka katika mawazo na hofu ya watu. Mwaka 1755 Maria Theresa, aliyetawala Austria, alimsikiliza mganga wake Gerard van Swieten, akakataza kufukua maiti na kuwachoma.

Tukumbuke jambo hili vizuri. Hakuna mtu aliyepata kudhuriwa na vampiri. Bali maiti walioaibishwa walikuwa wa kweli, na jamaa zao walioona aibu hiyo walikuwa watu wa kweli.

Wala tusiwacheke watu wa Serbia. Katika Katanga na Kasai, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu walisimuliana habari za mutumbula, mkamata watu wa usiku, na wengi walisema kwamba ametumwa na Wazungu. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walisema juu ya banyama, na huko hata Mapadri Weupe walishukiwa kwamba wanataka damu ya watu. Mahali penye hofu na mashaka, kisa cha mnyonya damu kinapata masikio upesi.

II. Kitabu cha Bram Stoker

Bram Stoker alizaliwa karibu na Dublin, katika Irlandi, mwaka 1847. Alilelewa katika dini ya Waprotestanti. Kazi yake ilikuwa kusimamia mambo ya nyumba ya tiatro iitwayo Lyceum katika London, akimtumikia mchezaji mashuhuri Henry Irving. Kitabu chake Dracula kilitoka mwaka 1897. Jina hilo alilipata katika kitabu cha historia cha William Wilkinson, alichokisoma huko Whitby mwaka 1890. Lilikuwa jina la watawala wa Walakia, katika nchi ya Rumania ya leo. Anayejulikana zaidi kati yao ni Vlad III, mtawala mkali wa karne ya 15.

Kitabu kimeandikwa kwa barua, telegramu na daftari za kila siku. Kijana Mwingereza, Jonathan Harker, anakwenda Transilvania kwa kazi ya kuuza nyumba. Njiani mwanamke mzee anampa rozari yenye msalaba. Yeye Mprotestanti amefundishwa kwamba kitu hicho ni cha ibada ya sanamu, lakini anakipokea ili asimhuzunishe yule mama. Baadaye kinamlinda. Kiisha Drakula anaingia Uingereza kwa meli. Anamwua msichana Lucy, kisha anamrukia Mina, mke wa Harker. Profesa Van Helsing wa Amsterdam, mtu Mkatoliki, anawakusanya rafiki ili wapigane naye. Mwisho Drakula anauawa kwa visu, jua likishuka.

Msomaji padri ataona mara moja kosa kubwa. Van Helsing anaiponda Hostia takatifu kama udongo wa kuziba nyufa za kaburi, na anasema kwamba amepata indulgensia kwa kazi hiyo! Indulgensia ni ondoleo la adhabu za muda zilizobaki kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa. Si ruhusa ya kufanya jambo, wala hakuna mkubwa awezaye kumruhusu mtu kuitumia Ekaristi namna hiyo. Stoker alitazama vitu vyetu akiwa nje ya nyumba: aliona nguvu yake, lakini hakujua desturi zake.

Walakini kuna jambo moja alilolielewa vizuri. Mina, ambaye Drakula amemtendea ubaya mkubwa, anawasihi wanaume wasimchukie adui yao, kwa maana yeye pia ni roho yenye taabu kuliko wote. Na Drakula anapokufa, Mina anaona amani katika uso wake. Yule aliyeumizwa ndiye anayemhurumia adui, wala haachi kupigana naye. Shika jambo hili, kwa maana kwa kipimo hicho tutazipima filimu.

III. Filimu iliyohukumiwa kuharibiwa

Mwaka 1922 kompani ndogo ya Berlin, Prana-Film, ilifanya Nosferatu bila kumwomba ruhusa mjane wa Stoker, Bi Florence. Walibadili majina: Drakula akaitwa Orlok, na badala ya London ukawekwa mji wa Wisborg katika Ujerumani. Lakini mwanzoni mwa filimu waliandika wenyewe kwamba kisa kimetoka katika kitabu cha Stoker! Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, tarehe 4 Machi 1922. Bi Florence alipata habari, akashitaki kwa msaada wa chama cha waandishi wa Uingereza. Kompani ilifilisika, na mwaka 1925 tribinali ya Berlin iliagiza nakala zote ziharibiwe. Filimu iliponea nakala zilizokwisha kwenda nchi nyingine.

Kwa sheria mjane alikuwa na haki, nasi hatusifu wizi. Lakini kazi yenyewe ni nzuri kabisa. Mkuu wa filimu, F. W. Murnau, alikuwa amerusha ndege katika vita ya 1914 hadi 1918. Hakukaa tu katika nyumba ya kupigia picha. Alipeleka mashini yake katika miji ya Wismar na Lübeck, na katika ngome ya Orava huko Slovakia. Kwa hiyo tunaona milima ya kweli, mawimbi ya kweli, njia za mji wa kweli. Max Schreck, aliyecheza Orlok, hana uzuri wowote: kichwa bila nywele, meno ya panya, makucha marefu. Hakuna mtu atakayetamani kuwa kama yeye. Uovu unaonyeshwa katika ubaya wake wenyewe, bila mapambo.

Tena angalia namna anavyoingia mjini. Meli yake inafika na wafu, na panya wanatoka katika masanduku ya udongo. Tauni inaanza. Mtu anapita njiani akitia alama ya msalaba kwa chaki milangoni mwa wagonjwa, na watu wanachukua masanduku ya maiti mmoja nyuma ya mwingine. Watu waliotazama filimu hiyo mwaka 1922 walikuwa wametoka juzi tu katika vita na katika influenza ya 1918. Hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Kiisha Murnau anaongeza jambo ambalo katika kitabu halimo. Watu wa mji, wakishikwa na hofu, wanatafuta mtu wa kubebeshwa mzigo wa tauni. Wanamchagua Knock, mwenda wazimu aliyetoroka katika nyumba ya wagonjwa. Wanamfukuza kwa mawe katika njia na mashamba. Wanaona mtu amesimama shambani, wanamrukia na kumpasua: kumbe ni sanamu ya kufukuza ndege! Ni kweli Knock alimtumikia Orlok, hana usafi. Lakini kumfukuza yeye hakuponyi hata mgonjwa mmoja. Kundi lote linakimbia shambani, na wakati huo mwuaji anakaa kwa utulivu katika nyumba yake mjini.

Nani basi anauokoa mji? Ellen, mke wa yule kijana. Amesoma kwamba mwanamke wa moyo safi anaweza kumzuia vampiri mpaka jogoo awike. Anafungua dirisha, anajitoa. Orlok anasahau saa. Jua linachomoza, naye anatoweka kama moshi. Ellen anakufa, na tauni inakoma. Kufa kwa mwangaza wa jua hakumo katika kitabu. Humo Drakula anaweza kutembea hata mchana. Ni filimu hii iliyoleta wazo hilo, na filimu nyingi za baadaye zimelifuata.

Hatusemi kwamba Ellen ni mfano wa Kristu. Filimu haisemi hivyo, nasi tusiibatize kwa nguvu. Lakini inasema neno la kweli: mashitaka ya kundi hayaondoi uovu, mmoja aliyejitoa kwa ajili ya wengine ndiye aliyeushinda. Ndiyo maana kwetu filimu hii ni ya kwanza kati ya zote.

IV. Msalaba mkononi: 1931, 1958, 1968

Filimu ya kwanza yenye ruhusa na sauti ilitoka Marekani mwezi wa Februari 1931. Ilifanywa na Tod Browning kwa kompani Universal. Haikufuata kitabu moja kwa moja, bali mchezo wa tiatro wa Hamilton Deane na John Balderston. Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria ya zamani, alikuwa amecheza Drakula katika tiatro ya New York tangu 1927. Yeye ndiye aliyeeneza sura ya Drakula mwenye joho na mavazi ya bwana mkubwa ambayo kila mtoto anayajua leo. Mwanzo wa filimu ni mzuri sana. Sehemu ya pili ni maneno mengi ya sebuleni, na hata kifo cha Drakula hatukioni. Tunasikia tu mlio wake. Usiku, katika nyumba ile ile, kundi jingine lilifanya filimu ya pili kwa lugha ya Kispania, na wengi wanaona kwamba picha zake ni bora. Lugosi alikufa mwaka 1956, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Holy Cross, karibu na Los Angeles.

Mwaka 1953 Waturuki nao walifanya filimu yao, Drakula İstanbul'da. Katika nchi ya Waislamu msalaba haungekuwa na maana kwa watazamaji. Mahali pake pakawekwa kitunguu saumu. Jambo hili linatufundisha. Kisa cha vampiri kinaweza kusimama bila msalaba. Basi mahali msalaba unapotokea katika filimu, tuulize: ni alama ya imani, au ni dawa tu kama kitunguu saumu?

Mwaka 1958 Terence Fisher wa Uingereza alitoa filimu ya rangi, na Christopher Lee kuwa Drakula na Peter Cushing kuwa Van Helsing. Mwishoni Van Helsing hana silaha. Anararua pazia, jua linaingia. Anakamata vinara viwili, anavifanya msalaba, na kumsukuma adui katika mwangaza. Tendo hilo watu hawakulisahau. Lakini vinara viwili vilivyopishana vinafanya kazi kama bunduki: imani ya anayevishika haiulizwi.

Mwaka 1968 kompani ile ile, Hammer, ilijaribu kulitengeneza jambo hilo katika filimu ya Freddie Francis, Dracula Has Risen from the Grave. Kijana asiyesadiki Mungu anamchoma Drakula kwa mti moyoni. Padri mwoga anamlilia asali, kwa maana bila sala mti hautafaa kitu. Kijana hawezi kusali, na Drakula anaung'oa mti mwenyewe. Mwisho Drakula anaangukia msalaba mkubwa, na padri yule aliyekuwa ametekwa anapata nguvu ya kusali kwa Kilatini. Hapo tu Drakula anakwisha. Filimu hii si kubwa, tena ina mambo yasiyowafaa vijana. Walakini katika jambo moja iko karibu na katekisimu kuliko kitabu cha Stoker: vitu vitakatifu si uganga. Visakramenti vinapata nguvu kwa sala ya Eklezya, na mtu anavipokea kwa imani.

V. Filimu tusiyoipenda

Mwaka 1992 Francis Ford Coppola alitoa filimu aliyoipa jina la mwandishi mwenyewe: Bram Stoker's Dracula. Ilipata Oscar tatu: kwa mavazi, kwa kupamba nyuso na kwa sauti. Watu wa kitabu wamo karibu wote, na picha zake zinapendeza macho. Kwa nini basi tunaiweka mwisho? Si kwa sababu imefanywa vibaya. Ni kwa sababu imeandika jina la Stoker juu ya mlango, na ndani imekaribisha mtu mwingine.

Filimu inaanza mwaka 1462. Vlad anarudi kutoka vitani na kukuta mke wake Elisabeta amejiua kwa barua ya uongo. Padri anamwambia kwamba roho ya mke wake imelaaniwa na haiwezi kuokolewa. Kwa hasira Vlad anamkana Mungu, anachoma msalaba kwa upanga, damu inatoka, naye anaikunywa. Miaka mia nne baadaye anamwona Mina, anayefanana na Elisabeta, na ubaya wake wote unageuka kuwa mapendo yenye huzuni.

Tuna mashitaka mawili. La kwanza ni juu ya yule padri. Ni kweli kwamba zamani sheria ya Eklezya iliwanyima waliojiua kwa makusudi maziko ya Kikristu. Lakini kutangaza kwamba mtu fulani yuko motoni, hilo Eklezya haijafanya kamwe. Katekisimu ya Eklezya Katoliki ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1992, na filimu ikatoka mwezi wa Novemba. Katekisimu hiyo inafundisha kwamba tusikate tumaini juu ya wokovu wa wale waliojiua, kwani Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe. Kisa chote cha Coppola kimejengwa juu ya neno ambalo padri hana haki ya kulisema. Na kila padri ajihoji hapo: neno moja la ukali mbele ya maiti linaweza kumfukuza aliye hai mbali na Mungu.

Shitaka la pili ni kubwa zaidi. Katika kitabu Mina anamhurumia Drakula huku akimpinga mpaka siku ya mwisho. Katika filimu anampenda, na anaomba mwenyewe kunywa damu yake. Hivyo Lucy, watu wa meli, na mtoto mchanga anayetupwa kwa wanawake wa ngome wanasahauliwa, kwa sababu mwuaji ana macho ya huzuni. Mwisho Drakula anapata amani katika kanisa lile lile. Tunajua kwamba huruma ya Mungu yaweza kumfikia mkosaji mkubwa kabisa katika saa ya mwisho. Mwivi mwema ni shahidi. Lakini mwivi yule alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki. Drakula wa 1992 hakiri kosa. Analalamika tu kwamba ameachwa. Huruma isiyotaja waliouawa ni kuwadhulumu mara ya pili.

Wengine watajibu: «Mnaionea, filimu hii angalau inataja msamaha, na Nosferatu haitaji». Ni neno zuri, tena tunakubali kwamba hakuna filimu nyingine katika hizi inayouliza wazi kama Drakula aweza kuokolewa. Werner Herzog, aliyeirudia Nosferatu mwaka 1979, hakuacha tumaini lolote: mwanamke anajitoa, na bado uovu unapanda farasi na kwenda mbele. Tukichagua kati ya kukata tumaini kwake na msamaha wa Coppola, vijana wengi watachagua wa pili. Sisi tunasema: swali la Coppola ni jema, jibu lake ni rahisi mno.

VI. Faida yetu

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliwafundisha watu wa sinema kwamba filimu yaweza kuonyesha uovu, ikiwa inasaidia kuelewa maisha na haiusifu. Hicho ndicho kipimo. Kutisha si kosa, wala kutotisha si sifa.

Kwetu Kongo jambo hili si mchezo wa wenye muda. Filimu za wachawi na za wanyonya damu zinatazamwa nyumbani pamoja na watoto, na wengi wanazishika kama habari za kweli. Watoto wameshitakiwa uchawi, wamepigwa na kufukuzwa nyumbani, mpaka Katiba ya 2006, katika sehemu yake ya 41, ikakataza kwa jina lake kumshitaki mtoto uchawi. Ni shamba lile lile la Murnau, lenye kundi linalokimbia. Lakini wanayemrukia si sanamu ya kufukuza ndege, ni mtoto mwenye mama na jina.

Basi mwalimu wa dini akisikia watu wakisimuliana filimu ya namna hii, asiwakemee tu na kwenda zake. Aketi nao, awaulize maswali matatu. Uovu umeonyeshwa ubaya wake, au umepambwa? Msalaba humo ni imani, au ni dawa? Na mwisho nani ameokoa watu: kundi lililotafuta wa kumshitaki, au mmoja aliyejitoa? Watu wetu wana akili, watajibu wenyewe. Na siku kundi litakaposimama mbele ya mlango wa jirani kwa mashitaka, huenda mmoja wao atakumbuka jibu lake, naye atasimama mbele ya mlango ule.